Pini ya Juu

Watu wengi walidhani anaitwa Cheche kwa sababu ya kazi yake ya umeme. Wapi. Jina hilo alilipata angali msichana wa shule, kabla hajashika waya hata mmoja, siku aliyomjibu mwalimu wa hesabu mpaka mwalimu akasahau alichokuwa anafundisha. Umeme ulikuja baadaye, ukalikuta jina linausubiri. Na kama hujawahi kugombezwa na Cheche, basi hukuwahi kupeleka kitu kibovu pale karakanani kwao, maana yule mama alikuwa hamnyimi mtu. Mteja akileta pampu iliyoungua na kusema hajui imeunguaje, alipewa lake. Akisema alimpa jirani aiangalie kidogo kwanza, alipewa lake na la jirani akampelekee.

Lakini walirudi. Walirudi kwa sababu kitu kikitoka mikononi mwake kilikuwa kimepona kweli, si kupona kwa kufika nyumbani tu. Aliwahi kuolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwenye karakana ya marehemu baba yake, na ukimuuliza kisa alikwambia hakuna kisa: mwanamume alitaka mke anayenyamaza, akamwambia akanunue picha atundike ukutani. Tangu hapo maisha yake yakawa chumba kile kirefu chenye mlango wa chuma, meza mbili za mbao zilizojaa alama za moto, bomba la maji pembeni, na sakafu ya saruji iliyobonyea katikati ambapo maji ya kudekia hukusanyika na kukataa kukauka.

Meza ya pili ilikuwa ya kaka yake mkubwa. Huyu kila mtu alimwita Bosi, kuanzia wateja hadi mamantilie wa ng'ambo ya barabara, na yeye jina lilimkaa vizuri mno. Mkewe, wifi yake Cheche, ndiye aliyeshika usafi na risiti. Alidekia kila asubuhi kwa sababu vumbi la chuma huingia kila mahali, kisha hukaa kwenye laptopu kuandika nani ameleta nini. Mwanamke mpole, sauti yake ya chini. Ukimkuta na Cheche wamekaa pamoja utadhani mmoja amepewa maneno ya wote wawili. Walipendana, hata hivyo. Wifi alikuwa mtu pekee duniani ambaye Cheche hajawahi kumfokea, na mwenyewe alisema hajui kwa nini, labda anaogopa akimfokea atayeyuka.

Kazi kubwa pale ilikuwa mashine za kuchomelea, hizi ndogo za siku hizi ambazo mtu anabeba begani. Ndani yake umeme unakatwa na kuwashwa mara elfu nyingi kabla hujapepesa jicho, na ugonjwa wake mara nyingi umejificha humo humo kwenye kukata na kuwasha. Mita ya kawaida haiuoni. Mita inakwambia namba moja, imemaliza. Kwa hiyo Cheche akaenda kumsumbua fundi mmoja wa redio za magari, mzee aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, akamsumbua mpaka akampa oskiloskopu yake.

Usifikirie dude kubwa lenye kioo na vitufe. Hii ilikuwa kiboksi cha kuingia mfuko wa koti, na jina likawa hilo hilo, Kiboksi, maana nani ana subira ya kusema oskiloskopu na mdomo umejaa skrubu. Upande mmoja kina matundu mawili ya kuchomeka proba, yaani nyaya za kupimia, upande wa pili kina waya unaokwenda kwenye laptopu. Macho yake ni laptopu. Unagusa kwa ncha ya proba, na kwenye skrini umeme unajichora wenyewe, unapanda, unashuka, unakwama pale unapokwama. Siku ya kwanza Cheche alikaa akiangalia yale mawimbi kimya kabisa, na Bosi akamuuliza kama anaumwa.

Sasa, kila proba ina ncha ya kugusia, na ina kijiwaya chenye klipu nyeusi. Hapo kwenye klipu nyeusi ndipo mambo yalipoharibikia, kwa hiyo tusikimbie. Baba yao aliwafundisha wote wawili neno moja kuhusu mita: nyekundu kwenye unachopima, nyeusi kwenye negativu. Walilishika wakiwa watoto wadogo wa kukaa chini ya meza. Na kwa mita ni sawa kabisa, maana mita ina betri yake ndani ya plastiki yake, haijafungwa na kitu chochote, ukiibandika popote haimdai mtu. Kiboksi si hivyo. Klipu nyeusi ya Kiboksi imeungana na laptopu, laptopu imeungana na chaja, chaja ina plagi ya pini tatu, na ile pini ya juu inakwenda moja kwa moja kwenye chuma kilichozikwa ardhini nje ya ukuta. Ukishika klipu nyeusi, umeshika ardhi. Na ndani ya mashine ya kuchomelea, ile negativu ya kapasita kubwa si ardhi hata kidogo. Ni umeme wa ukutani uliovaa jina la kistaarabu.

Cheche alimwambia kaka yake siku ile ile.

"Kaka, hii nyeusi si negativu. Ni ardhi. Mashine yoyote unayotaka kuipima upande unaoingia umeme, ipitishe kwanza kwenye transfoma."

Transfoma alimaanisha ile aliyoisuka mwenyewe, iliyokaa chini ya meza, nzito kama gunia la saruji. Ndani yake kuna koili mbili zisizogusana popote. Umeme wa ukutani unaingia koili moja, na mashine inakula kwenye koili nyingine, kwa hiyo kinachotoka hakina ugomvi na ardhi na klipu nyeusi inaweza kukaa itakako. Kasoro yake ni kwamba inavuma kama nyuki na kuiburuza kunamaliza kiuno.

"Nyeusi ni nyeusi," Bosi alisema. "Mzee wetu alipima hivyo hadi anaingia kaburini."

"Mzee alipimia mita."

"Na wewe umekuwa mwoga siku hizi. Cheche gani anaogopa cheche." Akacheka peke yake, kwa sababu utani wa Bosi kawaida ulikuwa wa kumfaa yeye.

Haya. Ikafika siku Cheche akaenda kwenye shule moja kutengeneza pampu ya kisima, akashinda huko. Aliporudi karakanani alikuta harufu ya kitu kilichoungua, na klipu nyeusi ya proba imepoteza meno yake upande mmoja, yameyeyuka. Aliuliza. Bosi hakuinua kichwa.

"Kiboksi chako kilikuwa na kasoro kidogo. Kilikuwa kinaangusha umeme wa jengo zima. Nimeshakitengeneza."

"Umekitengenezaje?"

"Mimi ni fundi pia, au umesahau?"

Cheche alikichomeka, akakijaribu kwenye redio ndogo ya betri, mawimbi yakatokea safi. Kwa kawaida asingeachia. Angemng'ang'ania mpaka aseme. Lakini alikuwa amechoka, matope yamemfika magotini, na meza yake ilikuwa na kazi za watu. Akaguna, akabadilisha klipu, akaendelea na yake. Hilo la kuachia ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Baada ya hapo wifi akaanza kulalamika, kama mtu mpole anavyolalamika, yaani kwa kucheka. "Hii kompyuta siku hizi inanitekenya," alisema akisugua kiganja kwenye khanga. "Nikiegemeza mkono hapa pembeni, naona kama visisimizi."

"Inakupenda," Bosi alisema. "Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo."

Kila mtu alicheka. Mteja aliyekuwa mlangoni alicheka, na Cheche naye, japokuwa ndiye mwenye kujua, alicheka. Likawa neno la nyumba. Wifi akikaa kuandika, Bosi anauliza, je, imeshakutekenya leo? Na yule mama wa watu anaitikia imeshanitekenya, anavuta kiti chake cha plastiki, kandambili miguuni, anaandika risiti.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Bosi alikuwa na mashine ya kuchomelea wazi juu ya meza, imewashwa, proba ya Kiboksi imebanwa ndani yake. Hakuwa ameburuza transfoma. Ilikaa pale pale chini ya meza, na ndoo ya rangi juu yake. Mteja alimwita nje kuhusu jenereta, akatoka. Wifi alikuwa amemaliza kudekia. Alikuwa amezivua kandambili mlangoni asiichafue sakafu yake mwenyewe, na ule mbonyeo wa katikati ulikuwa umejaa maji kama kawaida, mbele kabisa ya kiti cha risiti.

Cheche alitoka stoo na pasi ya kulehemu mkononi. Aliinama kutafuta soketi ya kuchomeka, na hapo akaiona kalamu.

Ilikuwa kifuniko cha kalamu, cha bluu, kimedidimizwa kwenye tundu la juu la soketi ya chaja. Sasa anayejua soketi hizi anajua. Yale matundu mawili ya chini yamefungwa kwa ndani, na kinachoyafungua ni pini ya juu ikiingia. Mtu haweki kalamu pale kwa mapambo. Anaweka kwa sababu plagi yake haina pini ya juu. Cheche aliielewa habari yote kwa mara moja, kuanzia klipu iliyoyeyuka hadi visisimizi vya wifi: kwamba Bosi alibandika nyeusi kwenye negativu, umeme ukapiga ukitafuta ardhi, na yeye, badala ya kuitoa klipu pale isipostahili kuwa, akaikata ardhi. Na umeme uliokosa ardhi haukwenda nyumbani kwao. Umekaa kwenye kila kilichoungana na ile klipu. Umekaa kwenye chuma cha laptopu, unasubiri mtu aliyesimama juu ya maji.

Aliinua macho. Wifi alikuwa amesimama peku kwenye mbonyeo, mkono umeshanyooka kuivuta laptopu.

"Wifi. Simama hapo hapo."

Alikuwa hajawahi kumsemesha kwa sauti ile. Mkono ukaganda hewani. Cheche alivuka chumba na kuishusha swichi kuu, feni ikaanza kuchoka taratibu, mashine ikanyamaza.

"Nimefanya nini?" wifi aliuliza.

"Hujafanya kitu, mama. Rudi nyuma. Kavae kandambili zako, usimame pale kwenye ubao mkavu, na usiguse chochote mpaka nikwambie." Kisha akageukia mlango, na sauti iliyotoka safari hii watu wa ng'ambo ya barabara waliijua wenyewe. "Bosi! Njoo humu ndani."

Bosi aliingia akikunja uso kwa ajili ya mteja. Cheche alikuwa ameichomoa plagi na kuishika mbele ya pua yake. Pale pini ya juu ilipokuwa, palikuwa na kisiki kidogo cha shaba kinachong'aa, na alama za msumeno.

"Hii nini?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa inaleta shoti. Nikaikata. Tangu nimeikata umesikia umeme umeanguka tena?"

"Uliikata."

"Punguza sauti, kuna watu."

"Wasikie. Waje wote wasikie. Nilikwambia nyeusi ni ardhi. Nilikwambia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya ndege. Ukaniita mwoga. Halafu kitu kikakulipukia usoni kukwambia hivyo hivyo, na wewe ukachukua msumeno ukakikata ulimi. Mkeo anakaa kwenye hii laptopu, kaka. Mkeo."

"Inatekenya kidogo tu," Bosi alisema. "Chaja zote zinatekenya. Mnapenda kukuza mambo."

Cheche alimsogelea hatua moja. Wanaomjua walisema baadaye walidhani atampiga, na yeye mwenyewe alisema alidhani hivyo hivyo. Badala yake alienda kwenye kabati, akatoa holda ya balbu yenye nyaya mbili ndefu, ile wanayojaribia. Waya mmoja aliufunga kwenye bomba la maji, alipokwangua rangi hadi kwenye chuma. Wa pili aliubana kwa klipu kwenye skrubu ya pembeni ya laptopu, mahali pale pale wifi anapoegemeza kiganja. Akairudisha plagi na kalamu yake kama Bosi alivyoziweka, asibadilishe kitu. Mashine akaiacha na proba yake ndani.

"Hii balbu ni mtu," alisema. "Huku ni mkono wake, huku ni miguu yake kwenye maji. Wote kaeni mbali." Akaenda ukutani, akapandisha swichi.

Balbu iliwaka. Haikuwaka kwa aibu aibu. Iliwaka kwa kutetemeka, mwanga wa njano wa kutosha kusomea, na chumba chote kikaiangalia. Mteja wa jenereta, aliyekuwa amechungulia kufuata ugomvi, alirudi nyuma hatua.

"Huko ndiko kutekenya kwako kidogo," Cheche alisema. "Chaja peke yake inatekenya, kweli. Ila kila ulipobandika hiyo klipu kwenye mashine bila transfoma, hicho ndicho kilichokuwa kinamngoja. Unajua nini kimemlinda mke wako? Kandambili. Si wewe fundi, si mimi fundi. Kandambili za plastiki na kiti cha plastiki, na leo alikuwa amezivua ili asikuchafulie sakafu."

Bosi alifungua mdomo. Ukimtazama uliona anatafuta la kusema, na kwamba lipo karibu, jambo fulani kuhusu Mzee, au kuhusu wanawake na makelele, kitu cha kumrudisha kwenye kiti chake. "Balbu ni balbu," alisema hatimaye. "Mtu si balbu. Mimi nimepigwa na umeme mara ngapi, na nipo hapa."

Cheche alivuta pumzi kumwaga yote yaliyobaki. Hakupata nafasi, kwa sababu wifi alikuwa ameshuka kwenye ubao.

Alitembea na kandambili zake, akazunguka maji, akasimama mbele ya mumewe. Hakulia. Uso wake ulikuwa na hasira ambayo hakuna aliyewahi kuiona pale, na haikumfaa, ilikuwa kama nguo ya mtu mwingine. Lakini alikuwa ameivaa.

"Baba watoto," alisema kwa sauti yake ile ile ya chini. "Weka mkono."

"Wapi?"

"Pale. Balbu itolewe, uweke mkono wewe. Vua viatu usimame pale nilipokuwa nimesimama, uweke mkono."

"Acha utoto, mke wangu."

"Umesema ni kidogo tu. Weka."

Bosi alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akamtazama mteja mlangoni. Na hapa ndipo Cheche alipoogopa kweli kweli, kuliko alivyoogopa alipoiona kalamu, kwa sababu alimjua kaka yake. Alijua kwamba kuna wanaume walio tayari kufa kuliko kuonekana wamekosea mbele ya mteja. Bosi alipiga hatua kuelekea meza. Alinyoosha mkono. Hakuvua viatu, lakini alinyoosha, vidole vimefunguka, na Cheche akaweka kiganja chake juu ya swichi, tayari kuishusha.

Mkono wa Bosi ulifika usawa wa skrini ukasimama. Mwanga wa balbu ulikuwa unatetemeka kwenye kucha zake. Kisha vidole vikajikunja vyenyewe na mkono ukarudi kifuani kwake.

"Mimi wangu nimeuweka hapo kila siku," mkewe alisema.

Alimpita, akachukua pochi yake msumarini, akatoka kwa mlango wa chuma. Cheche alizima umeme.